Maswali ya Wasomaji: Umehamia kwa jirani, mambo yamekuwa mageni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliovuka Namanga, Holili, Sirari na Rusumo wakidhani wanahamia mtaa wa pili. Anayekwenda Ulaya huuliza kila kitu kabla ya kufunga sanduku. Anayekwenda kwa jirani haulizi, kwa sababu lugha anaijua, na hapo ndipo anapojikwaa. Tumechagua barua nane. Penye kubadilisha pesa tumehesabu shilingi 1 ya Kenya kwa takriban shilingi 20 za Tanzania. Angalia bei ya siku yako.

Nimetoka Nakuru kuja kufanya kazi Dar es Salaam. Kwetu unalipa kodi ya mwezi na depositi, unaingia. Hapa kila nyumba naambiwa miezi sita. Naibiwa kwa sababu mimi ni Mkenya? Na kuna dalali ameitisha elfu ishirini hata mlango sijauona.

Huibiwi, ndugu. Dar, Arusha na Mwanza kodi hulipwa kwa mkupuo. Miezi sita ni jambo la kawaida, mwaka mzima si ajabu, na miezi mitatu hupatikana kwa kubembeleza, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi. Bei unayotajiwa ni ya mwezi mmoja. Ukiambiwa "laki mbili", hesabu yako ni 200,000 mara sita, yaani 1,200,000, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Jumla 1,400,000 siku ya kuingia, ambazo ni kama 70,000 za Kenya. Nyumba nyingi za kawaida hazina depositi ya kurudishiwa. Mwenye nyumba anajilinda kwa kushika kodi mapema. Kwa hiyo usihame na akiba ya miezi miwili ukidhani utajazia mbele.

Dalali analipwa mkataba ukishasainiwa na ufunguo uko mkononi mwako. Hiyo elfu ishirini inaitwa hela ya kuzungushwa. Wapo wanaoitoa, lakini sisi tunashauri umlipie bodaboda ya kufika huko, basi. Kitu kingine kinachowaumiza wageni ni chumba kimoja kuwa na madalali watatu. Umemlipa wa kwanza, kesho wawili wako mlangoni wanadai chao. Kabla hujatoa senti, muulize mwenye nyumba mbele ya dalali: "Huyu ndiye wa kulipwa?"

Usimkabidhi kodi mtu anayesema yeye ni mdogo wake mwenye nyumba. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mtendaji au mwenyekiti kama mmiliki anajulikana, kisha mkataba usainiwe hapo hapo kwa mashahidi na mhuri. Lipa kwa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki. Ukitoka hapo jitambulishe kwa mjumbe, yule kiongozi wa nyumba chache za jirani. Si adabu tu: kuna siku utatakiwa barua ya utambulisho ya mtaa, na wanaoiandika ni watu wale wale.

Jambo la mwisho ni umeme. LUKU ni kama tokeni za kwenu, namba 20 unaingiza kwenye mita. Uliza mita moja inatumiwa na vyumba vingapi. Mita ya kuchangia ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa wapangaji: mwenye friji anasingiziwa, mwenye pasi anafichama. Na ukinunua umeme ukaona uniti pungufu kuliko ulivyozoea, usikimbilie kuita fundi. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba itatolewa kwenye pango.

Nikiingia dukani hapa Arusha wananiangalia vibaya. Mwenzangu kazini ameniambia naongea kama mtu anayegombana. Kiswahili nilipata A. Nakosea wapi?

Sarufi yako haina shida. Unaanzia katikati. Nairobi mtu akienda moja kwa moja kwenye jambo lake anahesabiwa ameokoa muda wa mwenzake. Tanzania ameruka salamu, na aliyeruka salamu ama ana hasira ama ana dharau. Dukani mambo huenda hivi:

— Habari za asubuhi, kaka?
— Nzuri, karibu.
— Naomba mkate mmoja na maziwa nusu lita.

Sekunde tano. Ukiingia na "Nipe mkate", mkate utapewa, lakini umesikika kama mtu anayemtuma mtoto wake. "Naomba" si kujishusha, na haiishii dukani: naomba chenji yangu, naomba kupita, naomba uniletee lile faili. Bosi humwambia hivyo hivyo tarishi wake. Kwa mtu usiyemjua, swali hufunguliwa kwa "samahani", na haitwi "wewe" bali dada, kaka, mama, baba, mzee. Kwenye simu pia, hata kama unampigia fundi wa bomba na maji yanamwagika, mjulie hali kwanza.

Shikamoo ni ya umri, si ya cheo. Mlinzi wa getini aliye rika la baba yako anaamkiwa hata kama wewe ni meneja, na atajibu "marahaba" kama haki yake. Ukiwakuta wazee wengi, "shikamooni". Ukiwa na shaka, amkia. Hatari pekee ni dada wa miaka thelathini na kitu kukwambia unamzeesha, na hapo mtacheka wote. Anayefanya kazi hupewa "pole na kazi", hata kama kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta. Ukimkuta mtu anakula atakwambia "karibu". Si lazima uvute kiti. "Asante, starehe" inatosha.

Sasa upande unaowaponza Wakenya wengi kazini: Mtanzania hapendi kukukatalia usoni. "Tutaangalia", "njoo kesho", "nitakucheki", bila saa, mara nyingi ni hapana iliyovikwa nguo. Usimwite mwongo. Muulize kwa upole, "Kesho nikukute saa ngapi?" Akitaja saa, jambo lipo. Akisema "wewe njoo tu", tafuta njia nyingine.

Naitisha chai naletewa maji ya rangi. Naitisha mchele wanacheka. Hawa watu wanakunywa nini asubuhi?

Chai ikitajwa peke yake ni ya rangi. Unayoijua wewe, ya kuchemshwa na maziwa, inaitwa chai ya maziwa, na si kila mgahawa unayo. Mchele ni ule ulio guniani; uliopikwa ni wali, na hili hawatakusamehe. Mandazi, chapati na vya aina hiyo vinaitwa vitafunwa. Asubuhi watu wengi hunywa supu, ya nyama, utumbo au makongoro, na chapati mbili, ndimu na pilipili pembeni. Ijaribu kabla ya saa nne. Baada ya hapo sufuria huwa limebaki mifupa. Ugali wa sembe utauona laini kuliko wa kwenu. Ukitaka wenye pumba, sema dona.

Laini yangu ya Safaricom iko na pesa. Wakala wa M-Pesa hapa Dar amesema hawezi kunitolea, na bango ni lile lile! Pia nachanganyikiwa na hizi sifuri.

Jina ni moja, vitabu ni viwili. M-Pesa ya Kenya, ya 2007, ni ya Safaricom. Ya Tanzania, ya 2008, ni ya Vodacom. Wakala wa huku hawezi kugusa akaunti ya kule. Ila tangu 2015 pesa inaweza kutumwa kutoka moja kwenda nyingine. Nenda duka la kampuni ya simu na pasipoti yako, usajiliwe laini kwa alama za vidole. Usikubali laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata muuzaji akiapa: siku ikifungwa, pesa iliyomo si yako. Fungua M-Pesa, menyu ni *150*00#, halafu jitumie kutoka laini ya Kenya kwenda namba yako inayoanza na 255. Anza na kiasi kidogo uone jina lililotokea. Itaingia kwa shilingi za Tanzania. Laini ya Kenya usiitupe droo. Iweke salio na uitumie mara moja moja, kwani laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba hupewa mwingine.

Dukani, badala ya till, utaona "lipa namba". Lakini daladala, genge la mboga na mama ntilie ni pesa taslimu, na noti ya 10,000 asubuhi na mapema ni ugomvi. Tembea na za 500 na 1,000.

Kuhusu sifuri: futa moja ya mwisho, kisha gawa kwa mbili. Kitu cha 30,000 kinakuwa 3,000, nusu yake 1,500 za Kenya. Jero ni 500, buku ni 1,000, laki ni 100,000. Muuzaji wa Kariakoo akisema "ishirini na tano" anamaanisha 25,000. Na kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma kiasi kwa sauti: kosa la sifuri moja kati ya 10,000 na 100,000 ndilo linalowafanya wageni wakae foleni ya huduma kwa wateja.

Mimi ni msusi kutoka Kisii. Nataka kufungua saluni ndogo Mwanza na kando niweke M-Pesa. Rafiki yangu Mtanzania amekubali leseni iwe kwa jina lake. Kuna shida?

Dada, ipo, na ni kubwa. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara 15. Saluni imo, isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au ya kuhudumia utalii. Uwakala wa pesa kwa simu umo. Umo pia ufundi wa simu, duka la jumla na rejareja lisilo supamaketi, udalali, usafi wa nyumba na ofisi, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na viwanda vidogo. Mkenya, Mganda na Mchina wanahesabiwa sawa hapa. Kuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakukuondoi kwenye katazo hilo.

Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote, na kibali chako cha ukaazi kinafutwa. Mpango wa jina la rafiki ndio mbaya zaidi, kwa kuwa raia anayemsaidia mgeni naye ana adhabu yake: faini ya milioni 5 au kifungo hadi miezi 3. Yaani utakuwa umemtia matatani mtu aliyekufadhili. Tena mkigombana, saluni ni yake kwa karatasi, nawe huwezi kwenda polisi kudai.

Njia iliyobaki wazi ni kuajiriwa. Saluni ya hoteli au biashara yenye uwezo inaweza kukuombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi Uhamiaji. Vinatakiwa vyote viwili. Cha kazi peke yake hakitoshi. Kama una leseni uliyopata kabla ya amri hiyo, angalia tarehe ya mwisho wake na upange kabla haijafika.

Mwanangu alikuwa Grade 4 Eldoret, wa pili kwa hesabu. Tumehamia Moshi, shule ya serikali, amepata 12 kati ya 50. Mwalimu anasema ni mzito.

Si mzito. Mitihani ya shule za msingi za serikali ni ya Kiswahili, na yeye hesabu amezijua kwa Kiingereza. Anaulizwa mzingo wa mstatili, anajua kujumlisha pande zote nne, ila hajui kwamba ndicho anachoulizwa. Mwandikie kadi, neno upande mmoja, mchoro upande wa pili, bila maelezo: mzingo, eneo, mraba, mstatili, pembetatu, pembe mraba, mcheduara, namba tasa, namba shufwa, namba witiri, sehemu, na ndani yake kiasi juu na asili chini, KDS na KKS, yaani kigawe kidogo cha shirika na kigawo kikubwa cha shirika. Mpe tano kwa siku, jioni mtatue maswali mawili ya kitabu cha shule yake. Maswali ya mafumbo, yale ya "Juma alinunua machungwa", yaacheni mwisho.

Usichelewe, kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukiona ni mzigo, zipo shule za mchepuo wa Kiingereza, za kulipia. Shule yoyote itataka cheti cha kuzaliwa, ripoti za alikotoka na barua ya uhamisho. Na mfundishe kuwaamkia walimu shikamoo. Mtoto asiyeamkia huandikwa jeuri kabla hata daftari lake halijafunguliwa.

Nimehamishiwa Nairobi nikitokea Dodoma. Matatu asubuhi nalipa 50, jioni 80, mvua ikinyesha 150. Wazee nikiwaamkia wanatabasamu tu. Tarehe 6 mlinzi wa jengo anagonga mlango kudai kodi. Mbona wakorofi hivi?

Si wakorofi, kaka. Umekwenda na ratiba ya Dodoma. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo maana umezoea bei moja. Matatu ziko chini ya sako, yaani vyama vya wenye magari, na nauli hupanda abiria wakijaa au wingu likitanda. Muulize makanga, yaani kondakta, kabla ya kukanyaga ngazi. Akikwambia mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100. Chenji idai kabla hujafika steji yako, maana gari halisimami kwa mapatano. Mvua ikianza na huna haraka, subiri. Mara nyingi nauli hushuka msongamano ukipungua.

Shikamoo ni ya Mombasa, Lamu na pwani kwa jumla. Nairobi "habari yako" inatosha hata kwa mzee, na ukiambiwa "unataka nini?" dukani, unahudumiwa, hujatukanwa.

Anayegonga ni keateka, msimamizi wa jengo. Kodi ya Nairobi kwa kawaida huisha muda tarehe 5, naye ameajiriwa kuikusanya. Usipandishe hasira kwake. Lipa kwa Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya mwenye nyumba na uhifadhi ujumbe. Ukitaka kuhama toa notisi ya maandishi, kwa kawaida mwezi mmoja, na picha za kuta ulizozikuta, kwani depositi hukatwa ya rangi. Wapangaji wengine hukaa mwezi wa mwisho bila kulipa wakisema depositi italipia. Bila makubaliano, utakuta kufuli. Umeme unanunua Paybill 888880, namba ya akaunti ni namba ya mita.

Na ukipitisha siku 90, sheria ya Kenya ya 2011 inakutaka ujiandikishe Uhamiaji upate kitambulisho cha mgeni. Polisi wa barabarani usiku atakiulizia hicho, si cha kazi.

Dereva wa Kahama, nimepata kazi Kigali. Kiswahili kinatosha?

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ila sokoni utahitaji Kinyarwanda cha kuhesabu. Ukivuka Rusumo yanabadilika mawili papo hapo: saa inarudi nyuma moja, na unaendesha kulia. Barabara iliyonyooka haina taabu. Kosa hutokea unapotoka kituo cha mafuta au unapokata kona asubuhi barabara ikiwa tupu, mkono unapokwenda kushoto wenyewe. Bandika karatasi yenye mshale kwenye dashibodi kwa wiki za mwanzo. Pikipiki hupakia abiria mmoja, naye huvaa kofia, ukikataa, hupandi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huko tangu 2008, kabla ya Kenya (2017) na Tanzania (2019), kwa hiyo toa hata ile uliyofungia viatu.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kwa wenye miaka 18 hadi 65, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yanafungwa, barabara zinakuwa nyeupe, na ukikutwa unazurura na gari utasimamishwa na kuulizwa. Chukua jembe uende na majirani. Ndiyo njia ya haraka ya kujulikana. Kama una vyombo vya kuhamisha, gari la mizigo liite Jumapili.